Grisi ya kalipa za breki: ipi iende wapi, na kiasi gani

Karibu kila gereji ina kopo la grisi ya beringi lililo wazi karibu na mkono wa fundi, na mara nyingi ndilo linaloishia kwenye pini za kalipa, kile kifaa cha breki kinachobana pedi kwenye diski. Siku hiyo pini zinateleza vizuri na mwenye gari anaondoka ameridhika. Miezi kadhaa baadaye raba zimevimba, pini imebana, pedi ya ndani imebaki bati tupu huku ya nje ikiwa bado nene, na lawama zote zinaangukia pedi. Grisi yenyewe haikuwa mbovu. Kwenye beringi ingedumu miaka. Ilipelekwa tu mahali penye raba isiyoivumilia.

Maelezo haya yanahusu zaidi kalipa za kuelea, zile zenye pistoni upande mmoja na pini mbili za kutelezea. Ndizo zilizoko mbele kwenye Probox, IST, Vitz, Premio, Corolla, Noah na magari mengi madogo yanayoingia Afrika Mashariki yakiwa yametumika Japani. Kalipa zisizoelea, kama za mbele za Prado, zina maelezo mafupi mbele kidogo.

Raba kwanza, joto baadaye

Kwenye breki zinazotumia mafuta ya DOT 3, DOT 4 au DOT 5.1, raba nyingi ni za EPDM, aina ya raba ya sintetiki: sili ya pistoni, kofia ya kuzuia vumbi, kofia za pini, na kwa kawaida hata ile bushi ndogo iliyovalishwa kwenye ncha ya pini moja. Raba hii inatumika kwa sababu inakaa salama ndani ya mafuta ya breki, ambayo ni ya jamii ya glaikoli. Haivumilii kitu chochote chenye asili ya petroli. Oili ya injini, dizeli, grisi ya kawaida, vilainishi vya kupuliza vya kufungulia nati zilizoshika kutu: vyote hivyo EPDM inavinyonya, inavimba, inalainika, na mwisho inapoteza umbo lake.

Kwa hiyo unaposhika kopo dukani, usianze na joto lililoandikwa. Anza na mafuta ya msingi. Grisi yoyote ni mafuta yaliyoshikwa na kitu cha kuyazuia yasitiririke, mara nyingi sabuni ya lithiamu au kalsiamu, pamoja na viongezeo. Kinachovimbisha raba si sabuni, ni mafuta. Vitabu vya ufundi vya Toyota vinaagiza kwenye pini na raba za breki grisi ya sabuni ya lithiamu yenye msingi wa glaikoli. Fundi anakumbuka lithiamu, anatazama kopo la grisi ya beringi, anaona nalo ni la lithiamu, anapaka. Sabuni ni ileile, lakini ndani yake kuna mafuta ya petroli, na raba itaonyesha tofauti.

Rangi nayo haisaidii. Iko grisi nyekundu ya raba, ambayo mara nyingi msingi wake ni mafuta ya mimea na imetengenezwa mahususi kwa sili za breki. Iko pia grisi nyekundu ya beringi ya joto kali, ambayo ni ya petroli. Ukizipaka kwenye vidole viwili huwezi kuzitofautisha. Muuza spea akikwambia "chukua ile nyekundu ya breki", omba kuliona kopo. Kama halisemi wazi kwamba ni kwa raba za breki au kwa EPDM, liache hapohapo.

Kama una grisi nyumbani na hujui asili yake, kuna jaribio lisilogharimu kitu. Chukua kofia ya pini ya zamani, kata vipande viwili vya pete vinavyolingana, vipime kipenyo kwa kalipa ya kupimia au kwa kuvilaza kwenye karatasi na kuchora kwa kalamu. Kimoja kizamishe kwenye grisi hiyo ndani ya kifuniko cha chupa, kingine kiache kikavu. Weka mahali penye joto, kwa mfano juani, siku mbili au tatu. Futa, kilaze tena juu ya mchoro wake. Kikiwa kimetoka nje ya mstari, au kikibonyea kwa urahisi kuliko mwenzake, grisi hiyo isikaribie kalipa. Kikibaki sawa bado si cheti cha ubora, lakini angalau umeondoa ile mbaya kabisa.

Zilizopo dukani na kazi yake

Grisi ya silikoni, mara nyingi nyeupe au inayopitisha mwanga, ndiyo rahisi kupatikana na ni chaguo salama kwa pini za kutelezea. Haidhuru EPDM, maji hayaiondoi kwa urahisi, na nyingi zinafanya kazi kuanzia baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri hadi kama nyuzi 200 za Selsiasi. Udhaifu wake ni pale chuma kinaposagana na chuma kwa mgandamizo mkubwa, kwani utando wake unakatika upesi. Pia haichanganyiki na mafuta ya breki ya glaikoli, kwa hiyo isiingie ndani ya silinda. Na kama kofia zenyewe ni za raba ya silikoni, ambazo zipo ingawa ni chache, grisi ya silikoni itazivimbisha hizo. Tumia ya glaikoli.

Grisi ya glaikoli, ile inayotakiwa na Toyota, mara nyingi ina rangi ya waridi na huja kwenye pakiti ndogo pamoja na vifaa vya kukarabati kalipa. Ukiipata, ndiyo ya kwanza kwa pini na pia inafaa kwenye sili ya pistoni. Usitupe pakiti iliyobaki. Ifunge vizuri, maana glaikoli hunyonya unyevu wa hewa.

Grisi nyekundu ya raba ni ya pistoni, sili na sehemu ya ndani ya kofia ya vumbi. Si ya masikio ya pedi (ncha zake zinazokaa kwenye breketi, fremu inayoshikilia pedi) wala nyuma ya pedi, kwa sababu haikutengenezwa kwa joto la huko.

Kisha zipo grisi za sehemu za chuma: za seramiki, na za molibdeni ambazo ni nyeusi na huchafua kila kitu. Hizi hubeba unga mgumu au wa kuteleza ambao unabaki kazini hata mafuta yakipungua. Ni za masikio ya pedi, klipu na nyuma ya pedi. Baadhi yake zina msingi wa silikoni au wa sintetiki na zinaruhusiwa hata kwenye pini. Nyingine zina mafuta ya petroli ndani. Honda, kwa mfano, huagiza Molykote M77 nyuma ya pedi na kwenye vibati vya kuzuia kelele. Hiyo ni silikoni yenye molibdeni. Nissan kwenye vitabu vyake huruhusu grisi ya PBC au yenye msingi wa silikoni sehemu hiyohiyo. Kwa hiyo usiseme "molibdeni inafaa" au "haifai" kwa jumla. Soma msingi.

Grisi ya shaba inapendwa kwa sababu ya namba kubwa kwenye kopo, hadi nyuzi 1,100. Namba hiyo ni ya unga wa shaba. Mafuta yaliyoubeba huungua mapema zaidi, na kinachobaki ni unga mkavu unaozuia vyuma kushikana, si kilainishi cha kitu kinachoteleza mamia ya mara kwa siku. Kwenye kalipa ya alumini, hasa Mombasa, Tanga, Dar es Salaam na Zanzibar ambako hewa ina chumvi, shaba na alumini vikikutana na unyevu huo alumini ndiyo inayoliwa. Nafasi yake halali kwenye kazi hii ni ndogo: utando mwembamba kati ya habu ya chuma na diski, ili siku nyingine diski itoke bila nyundo. Kwenye pini, kamwe.

Ukitaka kununua vitu viwili tu, nunua kitubu cha silikoni au glaikoli kwa raba na pini, na kitubu cha seramiki au molibdeni kwa chuma. Gramu 10 za kila kimoja zinatosha ekseli ya mbele na nyingine kubaki.

Kufungua, na kusoma pedi za zamani

Egesha pa usawa, weka vizuizi kwenye matairi ya nyuma, legeza nati za tairi kabla ya kuinua, inua kwa jeki kisha ishushe gari juu ya stendi. Jeki peke yake haitoshi, hata kwa kazi ya dakika kumi. Vumbi la breki usilipulize kwa hewa ya kompresa. Lilowanishe kwa breki klina au maji ya sabuni kisha futa.

Kwenye Toyota nyingi ndogo boliti ya pini ni ya spana 14 na pini yenyewe hushikwa kwa spana nyembamba ya 17 isizunguke pamoja na boliti. Ukiizungusha pini kwa nguvu utararua kofia yake. Ondoa boliti, toa kalipa, itundike kwa waya kwenye springi. Isining'inie kwa mpira wa breki, ule unaopitisha mafuta.

Kabla ya kutupa pedi, zipange mezani jinsi zilivyokuwa. Pedi ya ndani ikiwa imeliwa sana kuliko ya nje, kalipa haikuwa ikiteleza: pistoni ilisukuma pedi yake, lakini mwili wa kalipa haukurudi kuivuta ya nje. Pedi ikiwa imeliwa kwa mshazari, nene ncha moja na nyembamba ncha nyingine, mara nyingi pini moja ndiyo imeganda. Zote mbili zikiwa zimekwisha upande mmoja wa gari tu, shuku pistoni isiyorudi au mpira wa breki ulioziba ndani. Hapo grisi ya pini haitakusaidia.

Pini

Vuta kila pini kwa mkono. Inayotakiwa kutoka itatoka kwa ukinzani laini, kama bomba la sindano. Inayohitaji nyundo imeshatoa ushahidi.

Itazame kwa karibu ile pini yenye bushi ya raba kwenye ncha. Bushi nzima ina kingo kali na inalingana na mwili wa pini. Iliyolishwa grisi ya petroli inang'aa, imevimba katikati, na ukiibonyeza kwa ukucha alama inabaki. Mara nyingine imevimba kiasi kwamba pini inaingia nusu ya tundu na kukataa. Wapo wanaoikata bushi hiyo na kurudisha pini tupu. Pini itateleza, ni kweli, lakini bushi ipo ili kalipa isigonge kwenye barabara mbovu, na bila hiyo utasikia kelele kila shimo. Badilisha bushi au seti yote ya pini na kofia.

Pini mbili hazilingani. Yenye bushi au yenye bapa pembeni ina nafasi yake, juu au chini, na watengenezaji hawakubaliani. Weka alama kabla ya kutoa. Ukishuku aliyekutangulia alizibadilisha, fungua upande wa pili wa gari ulinganishe, na zikitofautiana kitabu cha gari ndicho kitakachoamua.

Safisha pini kwa kitambaa na breki klina hadi chuma kitupu. Kutu jepesi ondoa kwa msasa laini wa 400 au zaidi ukizungusha pini, si kuusugua kwa urefu. Pini yenye vishimo vya kutu itupwe. Vishimo hukwangua grisi na kutunza maji. Tundu lake ndilo linalosahaulika. Grisi ya zamani hukusanyika chini kabisa, imekuwa kama lami, na ukiweka mpya juu yake zitachanganyika na kazi yako haitakuwa na maana. Funga kitambaa kwenye bisibisi nyembamba au tumia brashi ya kusafishia chupa za mtoto, paka breki klina, zungusha, rudia hadi kitambaa kitoke safi. Usitie drili yenye msasa humo. Tundu likipanuka kalipa italegea milele.

Kofia za raba zisioshwe kwa petroli wala dizeli. Hilo ni kosa la gereji nyingi: sehemu zote zinatumbukizwa kwenye beseni moja la petroli, za chuma na za raba. Kofia zioshe kwa maji ya sabuni zikauke kabisa, au kwa spiriti. Zilizopasuka au zilizolegea shingoni zibadilishe, kwani grisi bora haina maana kama maji ya mvua yanaingia.

Sasa kiasi. Gramu moja au pungufu yake kwa pini inatosha: tone la ukubwa wa punje ya harage, lisambazwe kwa kidole chenye glovu mpaka pini nzima ing'ae bila kuacha matuta. Ongeza kidogo kwenye mdomo wa ndani wa kofia mahali inapokaa kwenye mfereji wa pini. Usijaze tundu. Tundu halina mlango wa pili. Grisi ikijaa chini inafungia hewa mbele ya pini, na kila unapoachia pedali hewa hiyo iliyobanwa inaisukuma kalipa. Hata kibapa kilichochongwa ubavuni mwa pini nyingi kipo ili hewa ipite, nawe ukikijaza grisi umekiziba.

Jaribu kabla ya kufunga. Sukuma pini hadi mwisho kwa dole gumba kisha achia. Ikirudi yenyewe zaidi ya milimita chache na kofia ikifura, kuna grisi au hewa nyingi ndani: toa, futa, ingiza tena huku ukibinya ukingo wa kofia ili hewa itoke.

Breketi na klipu

Hapa ndipo pedi hukwama hata kama pini ni safi. Chini ya klipu za chuma cha pua, breketi ya chuma cha kusubu hufanya kutu, kutu huvimba, na klipu inasukumwa ndani hadi masikio ya pedi yanabanwa. Watu humalizana na hali hiyo kwa kugonga pedi iingie kwa nyundo. Pedi iliyoingia kwa nyundo haitarudi kwa nguvu za sili ya pistoni, ambayo huivuta pistoni nyuma kwa sehemu ndogo ya milimita tu.

Ng'oa klipu zote. Kwa brashi ya waya na tupa bapa, ondoa kutu hadi chuma king'ae, lakini usile chuma chenyewe. Chini ya klipu paka utando mwembamba sana wa grisi ya seramiki kuchelewesha kutu. Ukiona unene, umepitiliza, kwani klipu haitakaa sawa. Rudisha klipu mpya kama pedi zimekuja nazo. Baadhi ya klipu zina rangi nyeusi ya kuteleza na mtengenezaji anakataza grisi juu yake. Mtii.

Pedi mpya, hasa za bei nafuu, zinaweza kuwa na rangi nene kwenye masikio. Jaribu kuiingiza kwa vidole viwili. Ikigoma, kwangua rangi ya sikio kwa tupa, kidogo kidogo, pande zinazogusa klipu. Ikiteleza kwa vidole, paka sehemu ya mguso utando wa seramiki au molibdeni unaoonyesha rangi ya chuma chini yake. Kwa magari yanayokula vumbi jekundu la murram kila siku, punguza zaidi hata ya hapo. Grisi nene hukamata vumbi na kugeuka ubandiko wa msasa. Afadhali utando hafifu unaosafishwa kila mwaka kuliko mwingi usioguswa miaka mitatu.

Nyuma ya pedi

Grisi ya hapa inatuliza mtetemo unaoleta mlio, si kulainisha mwendo mkubwa. Weka pale pistoni inapogusa bati la pedi, kwa umbo la pete, na pale vidole vya kalipa vinapogusa pedi ya nje. Basi. Ukipaka bati zima, joto litayeyusha ziada na kuipeleka kwenye uso wa msuguano.

Pedi iliyobandikwa kibati cha raba kwa gundi haihitaji kitu kati ya kibati na pedi. Gundi ndiyo inayofanya kazi hiyo, na grisi itaing'oa. Vibati vinavyotoka huru, kama vya Toyota nyingi, hupakwa grisi ya diski breki kwa uchache kwenye nyuso zinazogusana.

Joto la eneo hili ndilo linalotaka grisi ya kweli ya chuma. Kwa mizunguko ya mjini diski hukaa kwenye nyuzi mia moja na kitu, wakati mwingine mia mbili. Kwenye mteremko wa Kitonga, au kutelemka Mai Mahiu na gari limejaa, inaweza kupita nyuzi 300. Grisi ya beringi hapo inakuwa maji, inatiririka, na dereva anaikuta kwenye pedi wakati anaihitaji pedi kuliko wakati wowote.

Pistoni

Kama pistoni inarudi vizuri na kofia yake ni nzima, huna haja ya kuipaka chochote. Futa sehemu inayoonekana, kisha irudishe polepole. Kabla ya kusukuma, fungua nipeli ya kutolea upepo, valisha kimpira kinachoingia kwenye chupa, sukuma, funga nipeli, ndipo uachie. Mafuta machafu ya kwenye silinda hayatarudi kwenye ABS (mfumo unaozuia tairi kujifunga). Kalipa za nyuma zenye breki ya mkono ndani yake kwa kawaida hazisukumwi. Pistoni huzungushwa kwa kifaa chake, na ukilazimisha kwa kibanio utavunja utaratibu wa ndani.

Kama unafungua kalipa yote, sili mpya na silinda zipakwe mafuta mapya ya breki au grisi nyekundu ya raba, au ya glaikoli. Silikoni isiingie hapa. Tumia mafuta ya kopo jipya. Kopo lililokaa wazi limeshanyonya maji. DOT 3 mpya inachemka kuanzia nyuzi 205, ikishanyonya maji kiwango cha chini kinachotakiwa ni 140. Kwa DOT 4 ni 230 na 155. Ukitoa pistoni kwa hewa ya kompresa, weka kipande cha mbao mbele yake, tumia hewa kidogo, vidole vikae mbali. Pistoni inaruka kwa nguvu ya kuvunja mfupa.

Kwa kalipa zisizoelea za Prado na Hilux hakuna pini za kutelezea, zipo tu pini zinazopita kwenye pedi. Zisafishe, zipake utando wa seramiki, na mkazo wote uweke kwenye pistoni nne, kwa sababu moja ikiganda dalili zake zinafanana na za pini iliyobana.

Kufunga na kuhakiki

Nyuzi za boliti zibaki kavu na safi. Boliti za breketi na za pini hukazwa kwa kipimo kilichokokotolewa kwa nyuzi kavu au zenye gundi ya kuzuia kulegea. Ukizipaka grisi, kipimo kilekile kitaivuta boliti kupita kiasi. Pini za magari madogo mara nyingi zinataka kati ya Nm (nyutonimita) 25 na 35, ambayo ni nguvu ndogo kuliko mazoea ya mkono wa fundi. Kipimo kamili kiko kwenye kitabu cha gari. Nati za tairi kwenye Toyota nyingi ndogo ni Nm 103.

Futa diski pande zote mbili kwa breki klina na kitambaa safi, na ubadilishe glovu kabla ya kushika uso wa pedi. Doa dogo la grisi lililogusa pedi juu juu linaweza kuondolewa kwa breki klina na msasa mara moja. Iliyolowa ibadilishwe pamoja na mwenzake wa upande wa pili.

Kabla ya kuwasha injini na kuondoka, kanyaga pedali mara nyingi mpaka iwe ngumu. Ukilisahau hili, kanyago la kwanza barabarani litazama hadi sakafuni. Angalia kiwango cha mafuta ya breki, kisha zungusha tairi kwa mkono: mkwaruzo mwepesi ni kawaida, kukwama si kawaida.

Endesha kilomita kumi hivi ukitumia breki kwa upole, kisha achia gari lisimame lenyewe kwenye tambarare au kimlima. Pima joto la diski za mbele kwa kipimajoto cha kuelekeza, kulia na kushoto, mahali palepale. Kama huna, sogeza kiganja karibu na rimu bila kugusa. Pande mbili zikikaribiana, pini zinafanya kazi. Upande mmoja ukiwa moto waziwazi, rudi kwenye upande huo, toa pini moja moja, na uangalie kwanza kama kofia imefura. Sababu ya kawaida mara tu baada ya sevisi ni grisi kuzidi, na inatibika kwa kitambaa.